Mpira Usio na Kazi Mwilini Utolewe

Kila anayepika maandazi anaijua kazi ya hamira. Unaikoroga na maji ya vuguvugu na sukari kidogo, unaiacha itoe povu, unaikanda na unga, na baada ya muda donge limeumuka mara mbili. Hamira hiyo ni fangasi hai, na kwa mtu mwenye afya haina neno. Hata hivyo, mara chache sana, mtaalamu wa maabara hutazama kwa hadubini damu ya mgonjwa aliyelazwa, akaona humo chembe za mviringo zinazochipua vitoto ubavuni: ni hamira, ya jamii ile ile ya jikoni, inazaliana ndani ya damu ya mtu. Safari nyingine anayeonekana ni fangasi wa mba. Safari nyingine ni Rhodotorula, fangasi anayeota kwa rangi ya waridi, ambaye makazi yake ya kawaida ni udongo, maji na mapazia ya bafu yenye unyevu. Hawa ni viumbe wanyonge. Wakikutana na ngozi nzima na kinga timamu, hawafui dafu. Lakini ukisoma taarifa za wagonjwa waliokutwa na fangasi hawa adimu katika damu, kuna jambo moja linalojirudia kuliko mengine yote: mgonjwa alikuwa amewekewa mpira kwenye mshipa mkuu wa damu. Hoja yangu ni kwamba mpira huo uhesabiwe siku, na kila siku unayokaa mwilini iwe na sababu inayoweza kutajwa kwa mdomo. Siku sababu ikikosekana, utolewe. Ushauri mwingine nitakaoutoa hapa, kuhusu mikono, dawa na homa, unatoka kwenye hoja hiyo.

Tuelewane kwanza ni mpira gani. Ule mdogo wa plastiki unaowekwa mkononi kwa ajili ya dripu, ambao wauguzi huuita kanula, ni kitu kingine. Ni mfupi na hukaa siku chache. Mpira wa mshipa mkuu, ambao madaktari huuita katheta, huingizwa shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena, ukasukumwa hadi ncha yake ikafika kwenye mshipa mpana, mara nyingi jirani kabisa na moyo. Upo pia wa aina inayoingilia mkononi, juu ya kiwiko. Wanaowekewa ni wagonjwa mahututi, wenye saratani wanaopewa dawa kali ambazo zingeunguza mishipa midogo, watoto njiti wanaolishwa kwa mshipa, na wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Kwa hawa wote mpira ni msaada mkubwa, na sitaki msomaji yeyote auogope hadi akaukataa pale anapouhitaji. Shida ni kwamba upande mmoja uko nje, unashikwa na watu, na upande wa pili umelala ndani ya damu. Mwenye mtungi wa maji nyumbani anajua kwamba usipousugua kwa siku kadhaa, ukipitisha kidole ndani unakuta utelezi. Utelezi ule ni utando wa vijidudu walioshikamana ukutani na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Ndani ya mpira hujengeka utando wa namna hiyo hiyo, na fangasi wa jamii ya hamira ni mafundi wa kuujenga. Dawa hupita katikati ya mpira na kuua wale wanaoelea kwenye damu, homa ikashuka, watu wakashukuru. Waliojificha chini ya ute hawaguswi sana. Dawa ikikoma, utando unamwaga wengine.

Nianze na hamira yenyewe, maana ndiyo inayoingia kwa mlango ambao familia nyingi hazijaambiwa. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi Mfaransa, Henri Boulard, akiwa Indochina, aliipata aina ya hamira kwenye matunda ya huko, miongoni mwao lichi, ambalo ni ndugu wa shokishoki letu. Hamira hiyo ilikuja kupewa jina lake, Saccharomyces boulardii, na leo huuzwa kama unga uliofungwa kwenye pakiti au kapsuli kwa ajili ya kuzuia au kutuliza kuhara, hasa kuhara kunakoletwa na matumizi ya antibiotiki. Kwa mtoto wa jirani anayehara nyumbani, haina tatizo la kutisha. Kwa mgonjwa mwenye mpira wa mshipa mkuu, mambo hubadilika. Watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wao kuhusu jambo hili: walifungua pakiti moja ya unga huo, wakakuta chembe hai zimerukia hewani na kufika umbali wa mita moja, na mikono ya aliyeifungua ikabaki na chembe hizo hata baada ya kunawa vizuri. Hebu liweke jambo hilo wodini. Muuguzi au ndugu anakata pakiti pembeni ya kitanda, anakoroga unga kwenye kikombe ili aupitishe kwenye mpira wa puani, kisha kwa mikono ile ile anafungua kizibo cha mpira wa shingoni ili aweke dawa nyingine. Mgonjwa hakuhitaji hata kuimeza hamira hiyo. Zipo taarifa za walioipata kwenye damu ilhali aliyepewa dawa ni jirani wa kitanda cha pili. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilitaka onyo liwe wazi: dawa hii isipewe wagonjwa mahututi wala walioshuka kinga, mbali na wenye mpira wa mshipa mkuu ambao tayari walikuwa wamekatazwa, na pakiti zisifunguliwe ndani ya chumba cha mgonjwa.

Kwa hiyo, ukimletea mgonjwa dawa ya kuhara kutoka duka la dawa la mtaani, soma kwenye boksi. Ukiona neno Saccharomyces, mwulize muuguzi kabla ya kuitoa kwenye mfuko, na mwambie kama mgonjwa wako, au wa kitanda cha jirani, ana mpira wa shingoni. Usiifungulie wodini. Najua anayeuguza huleta dawa kwa mapenzi, na kuambiwa airudishe kunaweza kumuumiza. Ni afadhali aumie dakika moja.

Fangasi wa pili, yule wa mba, anaitwa Malassezia. Anaishi kwenye ngozi ya karibu kila binadamu, na wengi wetu tunamjua kwa mabaka yake mgongoni na kifuani au kwa unga mweupe kichwani. Chakula chake ni mafuta, na hapo ndipo penye siri yake yote. Mtoto njiti ambaye tumbo halijawa tayari kupokea maziwa hulishwa kwa mshipa, na sehemu ya lishe hiyo ni maji meupe ya mafuta. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani walieleza habari ya mtoto mchanga aliyekuwa amelishwa mafuta hayo kwa muda mrefu, wakakuta fangasi wa mba kwenye mishipa ya mapafu yake. Fangasi aliyezoea mafuta ya ngozi ameandaliwa karamu ndani ya mpira. Na maabara inaweza kumkosa, kwa sababu bakuli za kawaida za kuoteshea vijidudu hazina mafuta anayoyataka. Mtaalamu anayemshuku hutandaza tone la mafuta ya zeituni juu ya bakuli, na ndipo anapoota. Mzazi hawezi kwenda maabara kudai tone la zeituni. Anachoweza ni kumkumbusha daktari kwamba mtoto wake analishwa mafuta kwa mshipa, kuuliza kila siku kama sasa anaweza kuanza kupokea maziwa ya mama, hata matone, na kuuliza kama mirija inayopitisha mafuta hayo imebadilishwa, maana miongozo inataka ibadilishwe ndani ya saa 24.

Ipo habari nyingine ya fangasi huyu ambayo naiona inafundisha zaidi. Mwaka 1998 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa wodi moja ya watoto wachanga nchini Marekani ambako watoto 15 walikutwa na Malassezia pachydermatis, ndugu wa fangasi wa mba ambaye makazi yake ni masikio ya mbwa. Hakuna mbwa aliyeingia wodini. Wachunguzi walipofuatilia, walimkuta fangasi mwenye alama zile zile za kijenetiki kwa mfanyakazi mmoja wa afya na kwa mbwa watatu waliofugwa nyumbani na wafanyakazi wa afya. Inaelekea mkono ulimpapasa mbwa nyumbani, ukafika kazini, ukagusa mtoto au mpira wake. Tiba ya mlipuko ule ilikuwa kunawa mikono kwa mkazo, na fangasi akatoweka wodini. Wengi wetu hatufugi mbwa wa kupapasa, lakini tunafuga kuku, tunashika noti, tunakanda unga, na mikono yetu inabeba tulikopita. Unapoingia kumwona mgonjwa mwenye mpira, nawa kwa sabuni au tumia kitakasa mikono kabla ya kumgusa, na mpira wenyewe usiuguse. Kizibo chake ni cha muuguzi. Naye muuguzi, kabla ya kukifungua, anatakiwa akisugue kwa spiriti kwa sekunde zisizopungua 15 hivi na kukiacha kikauke. Hesabu moja hadi kumi na tano polepole, utaona kwamba ni muda mrefu kuliko inavyodhaniwa, na kwamba kupangusa mara moja kwa haraka hakufikii hata nusu.

Hapa ndipo msomaji makini atakaponizuia. Atasema: fangasi hawa ni adimu, wewe mwenyewe umekiri, watu wetu wanakufa kwa malaria, kwa nimonia, kwa uzazi, kwa nini utujaze hofu ya jambo linalompata mmoja katika maelfu? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba mlango anaopitia fangasi adimu ndio mlango wanaopitia bakteria wa kawaida, ambao ni wengi na wanaua kila siku. Mkono uliomzuia fangasi wa masikio ya mbwa unawazuia na hao. Ushahidi mkubwa kabisa wa jambo hili unatoka jimbo la Michigan, Marekani, ambako Peter Pronovost na wenzake walikusanya takwimu kutoka vyumba 103 vya wagonjwa mahututi na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Walichofanya hakikuhitaji mashine mpya. Walisisitiza mambo matano: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa na daktari kwa vitambaa na mavazi safi wakati wa kuingiza mpira, kusafisha ngozi kwa dawa ya klorohexidini, kuepuka kinena inapowezekana, na kutoa mpira usiohitajika. Wastani wa maambukizi ya damu yanayotokana na mipira ulikuwa 7.7 kwa kila siku 1,000 za mipira. Kati ya mwezi wa 16 na wa 18 ulikuwa umeshuka hadi 1.4. Jambo la tano katika orodha ile ndilo ninaloliandikia makala hii, na ndilo rahisi kuliko yote, kwa kuwa halihitaji kununua chochote.

Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba kilichokuwa adimu jana si lazima kibaki adimu leo. Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walieleza kwa mara ya kwanza fangasi waliyempata kwenye sikio la mgonjwa, wakamwita Candida auris; auris kwa Kilatini ni sikio. Hakuna aliyedhani angesumbua dunia. Lakini watafiti walipopitia kumbukumbu za hospitali moja kubwa ya Nairobi za kuanzia mwaka 2010 hadi 2016, kati ya wagonjwa 201 waliokuwa na fangasi wa jamii ya Candida katika damu, 77 walikuwa na huyu wa sikio, na hakuna aina nyingine iliyomzidi. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, na Candida auris akawekwa katika kundi la juu kabisa, pamoja na wengine watatu. Anaweza kukaa wiki kadhaa kwenye reli za kitanda na kwenye vifaa, baadhi ya sabuni za kufutia sakafu hazimuui, na klorini ndiyo inayomwezea. Kwa hiyo, kama mgonjwa wako alilazwa hospitali nyingine kabla ya hii, na hasa kama alikwenda kutibiwa India au nchi nyingine ya nje na kulazwa chumba cha mahututi, sema siku ya kwanza anapopokewa, hata kama hakuna aliyeuliza, na utoe ripoti zake. Hospitali inayojua itampima na kumtenga mapema. Isiyojua itamlaza katikati ya wengine.

Pingamizi la pili linahusu dawa. Flukonazoli ipo kila duka la dawa, ni ya bei nafuu, wanawake wengi wameitumia na ikawasaidia; si itumike tu? Kwa fangasi wa kawaida katika damu inaweza kuwa sehemu ya tiba, tena kwa dozi ya daktari. Kwa wengi wa hawa tunaowazungumzia inashindwa vibaya. Kati ya sampuli za Candida auris zilizopimwa Marekani, takriban 90 katika kila 100 hazikusikia flukonazoli. Rhodotorula hasikii flukonazoli, na hasikii hata zile dawa za kisasa za fangasi zinazodungwa kwenye mshipa, zinazoitwa ekinokandini, ambazo mahali pengi ndizo za kwanza kuanzishwa. Inayomwezea ni amfoterisini B, dawa ya zamani ambayo inaweza kuumiza figo na inayotaka uangalizi wa karibu. Malassezia naye hajali ekinokandini. Maana yake ni kwamba kubahatisha dawa bila kujua jina la fangasi ni kupoteza siku ambazo mgonjwa hana. Zaidi ya hapo, katika nchi zetu ekinokandini hupatikana kwa taabu na kwa bei ambayo familia nyingi haziwezi. Kuutoa mpira uliochafuka kunawezekana katika hospitali nyingi, na ni nusu ya tiba.

Nimesema nusu ya tiba, na inanibidi nikiri kwamba wataalamu wamebishana juu ya hilo. Mwaka 2010 uchambuzi wa wagonjwa 842 uliochapishwa na Marcio Nucci na wenzake haukuona faida ya kutoa mpira ndani ya siku moja au mbili za mwanzo, baada ya hali nyingine za wagonjwa kuzingatiwa. Mwaka 2012 uchambuzi mkubwa zaidi, uliounganisha majaribio 7 yenye wagonjwa 1,915, ulikuta kwamba waliotolewa mpira walikufa kwa uchache kuliko walioachiwa. Mtu anaweza kusema, na wamesema, kwamba mpira hutolewa kwa wale wenye nafuu na kuachwa kwa wale waliozidiwa mno, hivyo takwimu zinadanganya. Ni hoja nzito. Mimi naegemea upande wa kutoa kwa sababu ya ule utelezi wa mtungini: pale ambapo chanzo kinaonekana, kinashikika, na kina mbadala, kukiacha ndani huku ukimwaga dawa juu yake ni kuchota maji bila kuziba tundu. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2016 nayo inasema mpira utolewe mapema iwezekanavyo pale unaposhukiwa kuwa ndio chanzo na unapoweza kutolewa salama. Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake. Mgonjwa ambaye shinikizo la damu linashikiliwa na dawa zinazopita kwenye mpira huo hawezi kunyang'anywa bila njia nyingine kuandaliwa.

Mgonjwa wa figo ndiye anayenipa mawazo zaidi. Huyu atasema: mpira huu ndio uhai wangu, mara mbili au tatu kwa wiki damu yangu inapita humo, ukiutoa nitasafishwaje? Kwake kuna njia ambayo madaktari wa figo wanaijua: asafishwe, kisha mpira utolewe, apewe dawa siku moja au mbili bila mpira wowote mwilini hadi damu ianze kuwa safi, ndipo uwekwe mpya mahali pengine kabla ya zamu inayofuata. Haiwezekani kwa kila mtu, lakini iulizwe. Na kuna jambo kubwa zaidi la kufanya miezi kabla. Wagonjwa wengi Afrika Mashariki huanza kusafishwa damu kwa mpira wa shingoni uliowekwa kwa dharura, halafu kitu cha muda kinageuka cha kudumu. Njia salama zaidi ni fistula ya mkononi, yaani mshipa wa damu safi kuunganishwa na mshipa wa damu chafu kwa upasuaji mdogo, ukaachwa upanuke kwa muda wa wiki sita hadi nane au zaidi ndipo utumike. (Jina hilo huwatisha wengi kwa sababu wanalijua kwa maradhi ya uzazi, ni jambo tofauti kabisa.) Fistula ni nyama na damu ya mtu mwenyewe, haina plastiki inayotokeza nje, na vijidudu hawana pa kujishikiza kirahisi. Mtu aliyeambiwa figo zake zinaelekea kuchoka asingoje siku ya dharura. Aulize leo kuhusu fistula, na mkono usiotumika sana nao ulindwe, usitobolewe ovyo kwa kutolea damu.

Sasa homa. Kwetu homa ni malaria hadi ithibitike vinginevyo, na mazoea hayo yamekuwa na sababu zake. Kwa mwenye mpira wa mshipa mkuu mazoea hayo ni hatari. Homa au baridi kali ya kutetemeka, hasa inayoanza muda mfupi baada ya kuunganishwa kwenye mashine au baada ya dawa kupitishwa kwenye mpira, ichukuliwe kuwa inatoka kwenye mpira mpaka kipimo kikanushe. Usimeze dawa mseto nyumbani ukasubiri kesho. Kwa mtoto njiti dalili ni za chini zaidi: anakataa kunyonya, anapoa badala ya kupata joto, anasahau kupumua kwa sekunde kadhaa. Mama anayemshinda kila mtu kwa kumjua mtoto wake akisema leo mwanangu hayuko sawa, asikilizwe. Hospitalini, kabla ya antibiotiki kuanza, omba damu ichukuliwe kwa ajili ya kuoteshwa, sampuli moja kutoka kwenye mpira na nyingine kutoka mshipa wa mkono. Zikioteshwa pamoja na ya mpira ikatangulia kuota kwa saa mbili au zaidi, daktari ana ushahidi mzuri kwamba chanzo ni mpira. Antibiotiki zikiendelea siku kadhaa bila homa kushuka, ulizeni waziwazi: je, inaweza kuwa fangasi? Swali hilo linafaa, kwa sababu antibiotiki za wigo mpana ndizo zinazofagia bakteria na kuwaachia fangasi uwanja. Na fangasi wa jamii ya Candida akipatikana, tiba haiishi siku homa inaposhuka. Huendelea wiki mbili kuanzia siku damu ilipoonekana safi, na macho yapimwe, kwa kuwa fangasi hao hupenda kutua sehemu ya nyuma ndani ya jicho na wanaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Wanaorudi nyumbani na mpira wana kazi yao. Bandeji inayoonyesha ngozi ikae hadi siku saba, ya kitambaa cha shashi siku mbili, na yoyote ikilowa, ikichafuka au ikibanduka pembeni ibadilishwe siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya. Oga kwa kujipangusa, au funika pale mahali kwa nailoni, lakini usizame kwenye beseni, mtoni wala baharini. Mafuta ya nazi na losheni yasikaribie, maana bandeji haishiki. Na lipo kosa moja linalofanywa kwa nia njema: kupaka malhamu ya antibiotiki kwenye tundu la mpira. Malhamu hiyo huua bakteria wa ngozini na kuwapa fangasi nafasi, ndiyo maana miongozo inaikataza kwenye mipira mingi, ukiiacha ile ya kusafishia damu ambayo ina utaratibu wake. Usipake chochote ambacho hukupewa na wanaokutibu.

Limebaki pingamizi linalosemwa kwa sauti ya chini: mimi ni nani nimwulize daktari? Katika desturi zetu daktari hapingwi, na muuguzi aliyechoka katikati ya zamu anaweza kukuona mjuaji. Lakini kuuliza kwa adabu si kupinga. Daktari anayepita vitanda 40 asubuhi anaweza kusahau kwamba mpira uliowekwa Jumatatu kwa sababu ya dawa fulani bado upo Ijumaa wakati dawa ile imekwisha Jumatano. Ndugu aliyekaa na kitanda kimoja hawezi kusahau. Andika kwenye karatasi tarehe mpira ulipowekwa, na uiweke pamoja na kadi ya mgonjwa. Hospitali isiyo na maabara ya kuotesha damu bado ina mikono, sabuni, na mtu anayeweza kuhesabu siku. Kesho asubuhi, daktari atakapofika kitandani kwa mgonjwa wako, msalimie, mwonyeshe tarehe ile, kisha mwulize: "Daktari, mpira huu leo una kazi gani?" Akiitaja kazi, mshukuru, na kesho kutwa uliza tena. Akikosa ya kutaja, mwombe autoe.